Sayari za Ajabu Nje ya Mfumo wa Jua: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Habari ya "sayari ya almasi" hufufuka kila mwaka. Mtu huirusha kwenye kundi la WhatsApp pamoja na picha ya tufe linalometameta, watu wanashangaa, na hakosi mmoja wa kuuliza kama ni kweli. Hapa nimekusanya maswali ninayokutana nayo mara nyingi kuhusu sayari za aina hiyo. Jambo moja kabla hatujaanza: picha ile imechorwa. Karibu kila picha ya sayari hizi unayoiona mtandaoni ni kazi ya msanii. Zile chache zilizopigwa picha kweli huonekana kama vidoa vya mwanga, basi.

Sayari ya nje ya Mfumo wa Jua ni ipi hasa?

Ni sayari inayozunguka nyota nyingine badala ya Jua letu. Nyota za usiku ni majua ya mbali, na nyingi zina sayari zake.

Watu walikisia hivyo kwa karne nyingi, ila ushahidi ulichelewa sana. Mwaka 1992 Aleksander Wolszczan na Dale Frail, wakitumia darubini ya redio ya Arecibo kule Puerto Rico, walitangaza sayari zinazozunguka mabaki ya nyota iliyokwisha kufa. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz, wakiwa kwenye kituo cha Haute-Provence nchini Ufaransa, wakaipata ya kwanza inayozunguka nyota iliyo hai inayofanana na Jua. Inaitwa 51 Pegasi b. Uzito wake ni kama nusu ya Mshtarii, lakini mwaka wake ni siku 4.2 tu. Mshtarii huchukua karibu miaka 12 kulizunguka Jua, na hakuna aliyetarajia kukuta jitu la gesi limejibanza kwenye nyota yake kiasi hicho. Mayor na Queloz walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2019.

Septemba 2025 shirika la NASA lilitangaza kwamba sayari zilizothibitishwa zimefika 6,000.

Kama hakuna aliyefika wala kuiona vizuri, mnajuaje imeundwa na nini?

Hili ndilo swali la maana kuliko yote, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Mfikirie mfanyabiashara wa soko aliyeletewa gunia lililoshonwa mdomo. Haruhusiwi kulifungua. Analiangalia ukubwa, kisha analinyanyua. Gunia likiwa kubwa na jepesi, atasema mkaa. Likiwa na ukubwa uleule na likamvunja mgongo, atasema maharage. Wanaastronomia hufanya hivyohivyo.

Ukubwa wa sayari wanaupata inapokatiza mbele ya nyota yake. Mwanga wa nyota hupungua kidogo, na kadiri unavyopungua ndivyo sayari ilivyo kubwa. Sayari kama Mshtarii ikikatiza mbele ya nyota kama Jua huziba karibu asilimia 1 ya mwanga. Dunia yetu ingeziba chini ya asilimia 0.01. Darubini ya Kepler, iliyorushwa mwaka 2009 na kuzimwa 2018, ilivumbua zaidi ya sayari 2,600 kwa njia hii.

Uzito wanaupata kwa kuiangalia nyota yenyewe. Sayari inapozunguka huivuta nyota huku na huku, na mtikisiko huo huonekana kwenye mwanga wake: nyota ikija upande wetu mwanga huelekea kwenye ubuluu, ikirudi nyuma huelekea kwenye wekundu. Gawanya uzito kwa ujazo, unapata msongamano. Maji ni gramu 1 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Dunia ni kama 5.5.

Sasa rudi sokoni. Gunia linaweza kuwa na mahindi matupu. Linaweza pia kuwa na maharage chini na pumba juu, na mizani ikasoma vilevile. Msongamano peke yake hausemi yote, na hapo ndipo makosa mengi ya magazeti yanapoanzia.

Njia ya tatu ni rangi. Nenda jikoni, nyunyiza chumvi kidogo kwenye mwali wa moto: mwali unageuka njano. Hiyo ni sodiamu iliyomo kwenye chumvi. Kila elementi na kila gesi ina rangi zake za kutoa na za kumeza. Sayari inapopita mbele ya nyota, sehemu ndogo ya mwanga hupenya kwenye ukanda mwembamba wa hewa ulio pembezoni mwake, na gesi zilizomo humega rangi zao. Mwanga unapofika huku na kutawanywa kama upinde wa mvua, tunaona mapengo, na mapengo hayo ndiyo hutuambia gesi gani zipo. Kwa njia hii darubini ya Hubble ilikuta sodiamu kwenye hewa ya sayari HD 209458 b mwaka 2001, ikawa angahewa ya kwanza ya mbali kupimwa. Leo darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, inafanya kazi hiyo kwa undani mkubwa zaidi. Agosti 2022 ilitoa ushahidi wa kwanza ulio wazi kabisa wa kaboni dioksidi kwenye sayari ya nje, WASP-39 b.

Kwa hiyo ukisoma habari yoyote ya sayari hizi, tenga mambo matatu: kilichopimwa, kilichokokotolewa kutokana na kipimo, na kilichokisiwa. Vichwa vya habari hupenda cha tatu.

Haya, sayari ya almasi ipo au haipo?

Inayosemwa mara nyingi ni 55 Cancri e, iliyo umbali wa miaka ya nuru 41 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Historia yake ni funzo zuri la namna elimu hii inavyokwenda, mbele na nyuma.

Iligunduliwa mwaka 2004, na mwanzoni ilidhaniwa huzunguka nyota yake kwa siku 2.8. Mwaka 2010 hesabu zikarudiwa, ikaonekana walikosea: mwaka wake ni saa 18 hivi. Yaani ukianza safari ya basi ndefu alfajiri, kabla hujapambazukiwa tena huko mwaka umekwisha. Mwaka 2011 ilipimwa ikikatiza mbele ya nyota yake, ukubwa ukajulikana: upana wake karibu mara mbili ya Dunia, uzito kama mara nane.

Mwaka 2012 Nikku Madhusudhan, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Yale, na wenzake wakatoa hoja. Vipimo vya nyota mama vilionyesha ina kaboni nyingi kuliko oksijeni. Kama sayari ilifinyangwa kutokana na mavumbi yaleyale, basi nayo itakuwa na kaboni nyingi, na kwa joto na mgandamizo ule kaboni hiyo ingekuwa almasi. Walikokotoa kwamba angalau theluthi moja ya uzito wake ingeweza kuwa almasi. Neno "ingeweza" lilidondoka njiani kabla habari haijafika magazetini.

Mwaka uliofuata watafiti wengine wakaipima upya nyota ile, wakakuta oksijeni ndiyo nyingi kuliko kaboni. Mguu mkuu wa hoja ya almasi ukalegea. Lakini picha ya tufe linalometameta ilikwisha kusambaa, na picha haina habari na masahihisho.

Mwaka 2024 vipimo vya James Webb vikaleta kitu ambacho kwangu mimi kinasisimua kuliko almasi. Upande wa mchana ulitarajiwa kuwa na joto la nyuzi 2,200 za Selsiasi kama sayari haina hewa. Ulikutwa na nyuzi 1,540 hivi. Kuna kitu kinachobeba joto na kulipeleka upande mwingine, na rangi zilizopimwa zinaelekeza kwenye angahewa yenye kaboni monoksidi au kaboni dioksidi. Kwa joto lile miamba imeyeyuka, sayari ni bahari ya uji wa mawe, na inaelekea hewa hiyo hutoka humohumo kwenye uji ikifidia ile inayopeperushwa na nyota. Sayari inayopumua kutoka tumboni mwake! Almasi mwachie sonara.

Lakini nilisoma pia kuhusu sayari ya almasi inayozunguka nyota iliyokufa.

Hiyo ni nyingine, na yenyewe ina hoja imara zaidi. Mwaka 2011 kundi lililoongozwa na Matthew Bailes wa Australia lilitangaza PSR J1719−1438 b. Inazunguka pulsa, yaani kiini kilichosalia nyota kubwa ilipolipuka, kidogo kwa upana kama mji lakini kizito kuliko Jua, kinachojipindua kwa kasi huku kikipiga mawimbi ya redio kwa vipindi sawasawa kama saa ya ukutani.

Sayari hiyo ina uzito unaokaribia wa Mshtarii lakini ni ndogo zaidi kwa umbo, na inazunguka kwa saa 2 na dakika 10 hivi. Msongamano wake ni angalau gramu 23 kwa sentimita ya ujazo, mzito kupita dhahabu. Maelezo yanayoridhisha ni kwamba ilikuwa nyota, pulsa ikaifyonza hadi kikabaki kiini cha kaboni na oksijeni. Kaboni iliyobanwa namna hiyo huwa na umbo la fuwele. Ukiita almasi sitagombana nawe, ingawa kilichopimwa ni uzito, mzunguko na msongamano.

Kuna sayari inayonyesha vioo?

HD 189733 b. Ni jitu la gesi lililo umbali wa miaka ya nuru 64 hivi, linazunguka nyota yake kwa siku 2.2, na hewa yake ina joto la karibu nyuzi 1,000.

Kilichopimwa: ni ya buluu. Mwaka 2013 Hubble iliusoma mwanga wa nyota na sayari kwa pamoja, kisha sayari ilipojificha nyuma ya nyota, mwanga wa buluu ukapungua na rangi nyingine hazikupungua. Kwa hiyo buluu ile ilikuwa ya sayari. Kilichopimwa pia ni upepo, kama kilomita 8,700 kwa saa. Kimbunga kikali tunachokijua huku duniani hakifiki hata kilomita 600 kwa saa.

Kilichokisiwa: vioo. Buluu ile haitoki kwenye bahari. Inadhaniwa hewa ya juu imejaa chembe za silikati, ndugu wa mchanga unaotengenezewa vioo, na chembe hizo hutawanya mwanga wa buluu. Kwenye joto lile chembe hizo zinaweza kuganda kuwa matone ya kioo, na kwa upepo ule matone yangekwenda ubavu badala ya kudondoka chini. Hoja nzuri sana. Ila hakuna aliyeona tone hata moja.

Mwaka 2024 James Webb ikaongeza jingine: hewa yake ina salfidi ya haidrojeni, gesi ileile inayofanya yai viza linuke. Sijui kwa nini hili halikusambaa kama lile la vioo. Mimi ningelipa kichwa cha habari.

Na mvua ya chuma?

WASP-76 b, umbali wa miaka ya nuru 640. Upande mmoja wa sayari hii hukabili nyota yake siku zote, kama Mwezi unavyotuonyesha uso mmoja. Mchana wake haukwishi, na joto linapita nyuzi 2,400. Chuma huko ni mvuke.

Mwaka 2020 kundi la David Ehrenreich wa Chuo Kikuu cha Geneva, wakitumia darubini kubwa za Ulaya zilizoko jangwani Chile, walipima kingo mbili za sayari. Kwenye ukingo wa jioni, ambako upepo hutoka mchana kuingia usiku, waliona alama ya mvuke wa chuma. Kwenye ukingo wa asubuhi, upepo unakotoka usikuni, alama haikuwepo. Chuma kiliingia gizani, hakikutoka. Wakahitimisha kwamba upande wa usiku, wenye baridi zaidi, kiliganda na kunyesha. Baadaye wengine walionyesha kwamba tofauti ya joto kati ya kingo hizo, au mawingu, vinaweza kutoa alama kama ileile. Kwa hiyo mvuke wa chuma upo, na mvua yake bado inabishaniwa.

Sayari yenye joto kupita nyota?

Ipo: KELT-9 b. Upande wake wa mchana unafika nyuzi 4,300, na nyota nyingi nyekundu hazifiki hapo. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba hewa yake ina mvuke wa chuma na titani. Hata molekuli za haidrojeni huchanika vipande.

Ipi nyepesi kuliko zote, na ipi nzito?

Nyepesi, twende kwenye mfumo wa Kepler-51. Una sayari zenye umbo linalokaribia la Mshtarii au Zohali, lakini msongamano wake uko chini ya gramu 0.1 kwa sentimita ya ujazo. Ukitaka picha, fikiria mto wa kulalia uliojazwa sufi. Nyota yao bado changa, ina miaka kama milioni 500, na huenda sayari hizo zimevimba kwa joto la kuzaliwa na zitasinyaa kadiri zinavyozeeka.

WASP-107 b nayo ni ya ukoo huo wa sufi. James Webb ilikuta huko dioksidi ya salfa na mawingu ya chembe za silikati. Kwa Kiswahili cha nyumbani: mawingu ya mchanga. Kwenye WASP-17 b mwaka 2023 ilikuta mawingu yenye fuwele ndogo mno za kwatsi, jiwe ambalo wachimbaji wetu wa dhahabu hulivunja kila siku wakitafuta mshipa.

Upande wa nzito, nitaichagua GJ 367 b. Ni ndogo kuliko Dunia, uzito wake ni kama asilimia 63 ya Dunia, lakini msongamano wake ni kama gramu 10, karibu mara mbili ya wetu. Inaonekana karibu yote ni chuma, kama kokwa ya embe ambayo nyama yake imeliwa. Labda mgongano wa kale uliichuna miamba ya nje. Mwaka wake ni saa 7.7, ukienda kazini asubuhi, unarudi jioni mwaka umepita.

Ni kweli kuna sayari nyeusi kama mkaa?

TrES-2 b hurudisha chini ya asilimia 1 ya mwanga unaoifikia. Mkaa wenyewe unang'aa zaidi ya hapo. Kinyume chake ni LTT 9779 b, ambayo kwa vipimo vya 2023 hurudisha kama asilimia 80, kana kwamba ni bati jipya la paa. Inadhaniwa mawingu yake yana silikati na titani. Kinachoshangaza ni kwamba iko karibu na nyota yake kiasi kwamba mwaka wake ni saa 19, na sayari ya ukubwa wake ilipaswa kuwa imepeperushwa hewa yote kitambo. Huenda hayo mawingu yanayong'aa ndiyo yaliyoiokoa.

Nimesikia kuna sayari inaitwa Tanzanite. Ni utani?

Si utani. Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulizipa nchi zaidi ya 100 nafasi ya kutaja nyota moja moja pamoja na sayari yake. Nyota ya Tanzania ilikuwa WASP-71, na sasa jina lake rasmi ni Mpingo, ule mti mweusi wa wachongaji. Sayari yake inaitwa Tanzanite, kwa heshima ya vito vya Mererani. Haina uhusiano wowote na vito kwa maumbile: ni jitu la gesi moto, lenye uzito zaidi ya mara mbili ya Mshtarii, linalozunguka kwa siku 2.9. Ukiambiwa imejaa tanzanaiti, umedanganywa.

Kenya imepata jina ambalo, kwa maoni yangu, ndilo bora kuliko yote yaliyotolewa. Kwenye shindano la 2022, ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2023, timu ya Kenya iliitaja nyota GJ 1214 kuwa Orkaria, ambayo kwa Kimaasai ni ile ngeu nyekundu. Nyota yenyewe ni ndogo na nyekundu. Sayari yake wakaiita Enaiposha, yaani maji mengi, kama ziwa au bahari. Ni neno lilelile lililozaa jina la Naivasha.

Na hapa jina limeingia ndani ya hoja ya kisayansi. Enaiposha ina upana wa karibu mara 2.7 ya Dunia na msongamano kama gramu 2. Ni nzito mno kuwa gesi tupu, nyepesi mno kuwa mwamba mtupu. Tangu ilipotangazwa mwaka 2009 na kundi la David Charbonneau, wengi wamedhani ina maji mengi sana, ingawa yasingekuwa maji ya kuogelea. Kwa joto na mgandamizo wake yangekuwa mvuke mzito. Kila walipojaribu kuipima hewa yake walikuta ukungu. Mwaka 2014 Hubble iliitazama mara kadhaa, rangi zikatoka bapa kabisa, hakuna mapengo. Mwaka 2023 James Webb ikapima joto lake: kama nyuzi 279 mchana na 165 usiku. Tofauti hiyo kubwa inaonyesha kwamba hewa yake si haidrojeni nyepesi peke yake, ina molekuli nzito zaidi, na maji yamo kwenye orodha ya washukiwa. Gunia lile la sokoni, basi, na limeshonwa kweli kweli.

Mbona zote zinazotajwa ni za moto? Hakuna zenye baridi?

Zipo tele, ila haziingii kwenye neti kwa urahisi. Sayari iliyo karibu na nyota hukatiza mbele yake kila baada ya siku chache, na huitikisa kwa nguvu. Sayari kama Zohali ingekupasa uisubiri miaka 29 ipite tena. Mvuvi mwenye nyavu za matundu makubwa akisema bahari haina dagaa, tatizo liko kwenye nyavu.

Jambo lililotushangaza ni kwamba aina ya sayari inayopatikana kwa wingi, yenye ukubwa kati ya Dunia na Neptuni, haipo kabisa kwenye Mfumo wa Jua. Huko nje ni za kawaida. Sisi ndio hatuna. Enaiposha ni mojawapo.

Kuna yenye dalili za uhai?

Jibu fupi ni hapana, bado. Kelele nyingi zimekuwa kuhusu K2-18 b, umbali wa miaka ya nuru 124. James Webb ilikuta methani na kaboni dioksidi huko mwaka 2023, na hilo limepokelewa vizuri. Aprili 2025 Madhusudhan, yuleyule wa almasi na sasa yuko Cambridge, na wenzake wakasema wameona dalili za gesi ya dimethili salfidi, ambayo huku kwetu duniani hutokana hasa na viumbe vidogo vya baharini. Makundi mengine yalichukua data zilezile, yakachambua kwa njia tofauti, na dalili ikafifia. Wenyewe pia walisema haijafika kiwango cha ugunduzi. Simlaumu Madhusudhan, mwanasayansi anayethubutu kukisia hadharani hutupa kitu cha kupima. Lawama ni kwa anayeandika "uhai wapatikana".

Kwa nini majina mengine yanafanana na namba za gari?

Sehemu ya mwanzo ni jina la nyota, mara nyingi kutoka kwenye orodha au mradi ulioipata. WASP, kwa mfano, ulikuwa mradi wenye kamera kwenye visiwa vya Kanari na nyingine Sutherland, Afrika Kusini. Namba ni foleni: nyota ya ngapi kwenye mradi huo. Herufi ndogo ni sayari, na huanza na b kwa sababu a huachiwa nyota yenyewe. Sayari nyingi hazina jina lingine.

Tunaweza kwenda?

Hapana. Chombo cha Voyager 1 kinakwenda kilomita 17 hivi kwa sekunde. Kwa mwendo huo, 55 Cancri e ingefikiwa baada ya miaka zaidi ya 700,000.

Je, ninaweza kuiona mojawapo nikiwa nyumbani?

Sayari, hapana. Nyota mama, ndiyo, ukiwa na subira. 55 Cancri iko kwenye buruji ya Saratani, yaani Kaa. Huku Afrika Mashariki, miezi ya Februari hadi Aprili, kaa nje saa mbili au saa tatu usiku na utazame juu upande wa kaskazini. Mjini sahau, taa zitaimeza. Kijijini usiku usio na mbalamwezi, mwenye macho makali anaweza kuiona kwa shida, na mwenye darubini ndogo ya mkononi ataipata kwa urahisi zaidi akiwa na ramani ya nyota kwenye simu. Punguza mwanga wa simu kwanza, uyape macho dakika ishirini yazoee giza. Utaona nukta hafifu isiyo na lolote la kujivunia. Mwanga utakaouona ulitoka huko miaka 41 iliyopita, na tangu hapo ile sayari ya uji wa mawe imekwisha kuizunguka nukta hiyo karibu mara elfu ishirini.